Jino la mtoto likiacha kuuma ghafla

Dhana: "Jino limeliwa na wadudu."

Hakuna mdudu anayetafuna jino. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa. Kwenye meno ya utotoni haichukui muda mrefu, kwa kuwa enameli (ganda gumu la nje) na dentini (tabaka lililo chini yake) ni nyembamba, na kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu kiko karibu na uso wa jino. Tundu lililojificha katikati ya magego mawili, hata ukimulika tochi usilione, huenda limeshafika kwenye kiini.

Hapo ndipo mchochota, yaani uvimbe wa mwili kujihami, huanza. Mishipa ya damu hutanuka, majimaji huvuja, seli nyeupe hujaa kupambana na bakteria. Seli hizo humwaga vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja tishu, navyo havichagui: hukata pia kolajeni, nyuzi zinazoshikilia kiini chenyewe. Kidole kikivimba kina pa kutanukia. Kiini kimebanwa na kuta ngumu, hivyo shinikizo hupanda, damu hukosa njia, na tishu hufa kidogo kidogo kuanzia juu kuelekea kwenye mizizi. Wakati mwingine mchochota huamsha seli zinazomung'unya dentini kwa ndani. Sehemu ya uharibifu huu, basi, hufanywa na kinga ya mwili wa mtoto mwenyewe.

Dhana: "Limeacha kuuma, limepona."

Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Mtoto aliyekuwa akiamka usiku analia, ghafla analala usingizi mzito, na nyumba nzima inashukuru. Mara nyingi kiini kimekufa, pamoja na mishipa yake ya fahamu. Chunguza ufizi siku zinazofuata: huenda ukaona kijipele cha usaha kando ya gego. Maambukizi yameshuka hadi kwenye mfupa ulio kati ya mizizi, palepale linapojengeka jino la ukubwani, ambalo linaweza kuja kuota na madoa ya kahawia au enameli yenye vishimo.

Karafuu hutuliza maumivu kweli, ila haifufui tishu. Antibiotiki peke yake nayo haitoshi, maana kiini kilichokufa hakipitiwi na damu ya kuifikisha dawa.

Dhana: "Si litang'oka tu!"

Gego la pili la utotoni hukaa hadi mtoto afike miaka 10 au 12. Akiwahishwa, daktari wa meno huondoa sehemu ya kiini iliyoathirika, huweka dawa na kuliziba. Kikishakufa chote, husafisha mizizi au hung'oa. Mtoto mwenye homa na shavu lililovimba apelekwe hospitali siku hiyohiyo.