Kupima utando wa kimiminika kwa mwingiliano wa mwanga

Kimiminika kilichotandazwa juu ya bamba la silikoni huwa na unene wa mikromita chache tu. Bado ni kibichi, na kila sekunde kinazidi kuwa chembamba. Ukikigusa kwa chombo chochote umekiharibu. Ukisubiri kikauke, utajua kimeishia wapi, ila hutajua kimefikaje. Hapo mwanga ndio unaofaa.

Elekeza mwale wa leza kwenye utando huo. Sehemu ya mwanga hurudishwa na uso wa juu, na nyingine hupenya, hugonga bamba, kisha hurudi. Wimbi la pili hutoka likiwa limechelewa, maana limekwenda na kurudi ndani ya kimiminika. Vilele vyake vikikutana na vilele vya wimbi la kwanza, mwanga hupata nguvu. Vikikutana na mabonde, mwanga hufifia. Huo ndio mwingiliano wa mwanga. Utando unapopungua, kuchelewa kwa wimbi la pili nako hupungua kidogo kidogo, na kihisi kinachopokea mwanga huona nguvu ikipanda na kushuka.

Leza nyekundu ya heli na neoni ina urefu wa wimbi wa nanomita 633. Mwale ukishuka wima kwenye toluini, kiyeyushi yaani kimiminika cha kuyeyushia vitu, ambayo hupunguza mwendo wa mwanga kwa karibu mara 1.5, kila mpando na mshuko mmoja ni nanomita 211 hivi zilizoondoka.

Kinachonivutia zaidi ni mchoro wa nguvu ya mwanga kadiri muda unavyokwenda wakati wa kupaka kwa kuzungusha, bamba likizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mwanzoni mawimbi ya mchoro, yaani mipando na mishuko hiyo, yamebanana sana, kwa sababu kimiminika kinatupwa nje kwa kasi. Mara yanaanza kuachana. Utando ukibaki nusu ya unene wake, kasi ya kutiririka hushuka mara 8, kwa hiyo mtiririko hujizuia wenyewe. Halafu mawimbi hujipanga kwa nafasi karibu sawa: sasa kinachopunguza utando ni kiyeyushi kinachoruka hewani. Mwisho mstari hulala. Umekauka. Ukitazama nafasi zile unaweza kukadiria uzito wa kutiririka wa kimiminika na kasi ya kukauka kwake.

Lakini mchoro huu huhesabu mabadiliko tu. Hautaji unene wenyewe. Ndiyo maana husomwa kinyumenyume. Utando mkavu hupimwa kwa njia nyingine, tuseme umekuwa nanomita 500, kisha kwa kila wimbi la kurudi nyuma unaongeza unene wa wimbi hilo.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kutumia 211 tangu mwanzo hadi mwisho. Kama ni polistaireni, aina ya plastiki, iliyoyeyushwa katika toluini, toluini inaondoka na polistaireni inabaki, nayo hupunguza mwendo wa mwanga kwa karibu mara 1.59. Wimbi la mwisho kwenye mchoro basi ni nanomita 199 hivi. Kwa wimbi moja tofauti ni ndogo, lakini unapojumlisha mengi lazima uirekebishe, hasa katika sehemu ya kukauka, ambako mchanganyiko hubadilika upesi.