Kile Chuma Kinachokumbatia Vidole

Makadeti wanapofuzu pale Lanet, kinyozi chetu cha hapa Nakuru hujaa watu wasiotaka kunyolewa. Runinga inaonyesha kadeti bora akipokea upanga wa heshima, na mabingwa wa benchi wanaanza: kile chuma kilichopinda kwenye mpini ni pambo tu.

Si pambo. Zamani upanga wa Ulaya ulikuwa na upau mmoja uliokingama kati ya mpini na bapa. Kisha watu wakazoea kupitisha kidole cha shahada mbele ya upau ili waielekeze ncha vizuri. Kidole kikabaki wazi, wahunzi wakakizungushia pete ya chuma. Kufikia karne ya 16 pete zilishaongezewa fito, na fito zikawa kikapu. Upanga wa wapandafarasi wa Uingereza wa mwaka 1908 huufunika mkono mzima kwa bakuli la chuma. Na ule ukanda wenye kishada ulivishwa mkononi, ili vidole vikilegea upanga uning'inie, usianguke kwenye kwato.

Wengine hudai upau ni msalaba wa Kikristo. Wapo walioapia juu yake, sikatai. Lakini Waviking walikuwa nao, mfupi, kabla hawajabatizwa. Kazi yake ni kuzuia mkono usiteleze kwenye makali, na silaha ya adui isishukie vidole.

Inayoniudhi zaidi ni habari ya kifundo cha chuma kwenye kitako cha mpini, eti uzito wa bure. Shika panga la kukatia miwa uone linavyovuta mbele. Hilo limeundwa lipige. Kifundo huurudisha uzani mkononi, ndiyo maana upanga wa vita wa kilo 1 na kitu huzunguka kwa wepesi. Tena ndicho kinachofunga msuka: ule ulimi wa chuma hupenya mpini wote, hutokeza nyuma ya kifundo, ukagongwa nyundo mpaka ncha ikapanuka kama kichwa cha ribiti.

Fundi wa jua kali alipofungua panga langu, msuka ulikuwa mpana kama mpini wenyewe, umebanwa na vipande viwili vya mbao kwa ribiti tatu. Wanaosema msuka mwembamba ni wa upanga bandia wanafikiria panga la shamba.

Na sime, mbona haina kinga yoyote, mpini umeviringwa ngozi basi? Niliuliza hivyo kwa sauti. Mzee aliyekuwa kitini hakufungua hata macho.

"Mkono wa pili ulishika ngao, kijana."