Kabla ya kuchagua spika, omba khanga mbili

Wiki iliyopita nilishinda Bwiru, hapa Mwanza, nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mwanawe alimletea jozi ya spika za KEF LS50 Meta, na wakati huohuo rafiki yake anayehama mji akamwachia jozi ya Klipsch Heresy IV azijaribu, akizipenda azinunue. "Fundi, mimi nimeshindwa. Niambie ipi ibaki hapa sebuleni," alisema. Nikamwambia, "Mwalimu, masikio yako ndiyo yatakayoamua." Kisha nikamwomba mama mwenye nyumba khanga mbili nyepesi na kamba.

Khanga nilizitundika mbele ya spika zote. Sauti hupita kwenye kitambaa chepesi bila kudhurika, lakini jicho halipati njia. Heresy ni sanduku kubwa la mbao lenye wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12. LS50 inabebeka kwa mkono mmoja na koni yake, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, ni ya inchi 5 na robo. Ukiziona tu umeshaamua ipi ina besi. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa kampuni ya Harman huko Marekani, waliwapa wasikilizaji spika zilezile mara mbili, mara wakiziona na mara zikiwa zimefichwa, na alama walizotoa zilibadilika.

Jambo la pili ni usawa wa sauti, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Unyeti, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa umeme uleule, kwa LS50 Meta ni desibeli 85, kwa Heresy IV ni 99. Tofauti ya desibeli 14 maana yake ni kwamba pale Heresy inapotumia wati 1, LS50 inahitaji wati 25 kufikia sauti ileile. Ukihamisha nyaya bila kugusa kitufe cha sauti, Heresy itasikika kubwa zaidi, na sikio la binadamu likisikia kikubwa hudhani ni kizuri. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikipanda, besi huanza kusikika nene zaidi kuliko ilivyokuwa chini. Basi nilipiga mvumo wa "shhh", nikaweka kipimo cha sauti kwenye kochi la mwalimu, nikarekebisha mpaka kila spika ikatoa desibeli 75 pale anapokaa. Tulisikiliza spika moja moja, si jozi, kwa sababu spika mbili zikilia pamoja hufichiana kasoro. Katikati ya zoezi nikazibadilishana nafasi.

Tulianza na kwaya. Kwaya ni mtihani mkali: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, zote ni koo za watu, na koo la mtu sote tunalijua tangu utotoni. Nilitegemea LS50 ishinde palepale, kwa sababu twita yake, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, imekaa katikati ya koni, sauti nyembamba na ya kati zinatoka sehemu moja. KEF wameitumia mbinu hiyo tangu 1988. Lakini wote wanne tuliokuwepo tulichagua ile nyingine. Maneno yalisikika wazi zaidi.

Nikapiga kofi moja katikati ya sebule, na ukuta ukanijibu kwa mlio wa tiririri kama mjeledi. Hilo ndilo lililokuwa linaamua. Sebule zetu nyingi hapa Mwanza ni plasta ya saruji, vigae chini, dirisha la kioo la kusukuma, na dari gumu. Sauti inayotoka pembeni mwa spika inagonga, inarudi, inamfikia msikilizaji ikiwa imechelewa kidogo, na silabi zinapandana. Sauti za kati na nyembamba za Heresy hutoka kwenye honi, mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta. Honi inaelekeza sauti mbele, hivyo ukuta unapata kidogo. LS50 inatawanya kwa upana na kwa usawa mzuri, na chumba kitupu kinamrudishia msikilizaji kila kitu.

Tukatandika zulia, tukafunga mapazia mazito, tukaegemeza godoro kwenye ukuta wa pembeni. Tukarudia kwaya ileile. Sasa watatu kati yetu wakachagua LS50, na mimi nilikuwa mmoja wao: waimbaji walisimama kila mmoja mahali pake, na pumzi kabla ya ubeti ilisikika. Spika ni zilezile, saa moja baadaye. Kwa hiyo mtu akiniuliza spika ipi nzuri bila kuniambia chumba chake kikoje, sina jibu la kumpa.

Besi ni habari nyingine, na godoro haliigusi. Sebule ile ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na chumba chenyewe huvuma wimbi likiwa na urefu mara mbili ya vipimo hivyo, yaani kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 34 na hezi 43, palepale ngoma kubwa na gitaa la besi vinaposhuka. Wimbi la hezi 43 lina urefu wa mita 8. Godoro la inchi 6 ni kama unyasi mbele yake. Kinachosaidia ni mahali unapokaa. Sisi tunapanga makochi kuzunguka kuta zote, mgongo ukutani, na ukutani ndipo besi inapojazana. Tulivuta kochi sentimita 70 mbele, na ule mvumo uliokuwa ukimfanya mwalimu alaumu spika ukapungua kwa spika zote mbili.

Kisha ngoma za Kisukuma. Pigo la ngoma huruka desibeli 20 juu ya wastani wa muziki kwa kufumba na kufumbua. Amplifaya ya mwalimu ni ya wati 30 na anakaa mita 3 na nusu kutoka kwenye spika. Kwa LS50, akipandisha sauti kidogo, kilele cha pigo hakina wati za kutosha na ngoma inasikika imebanwa. Amplifaya ndiyo inayoishiwa. KEF wenyewe wanashauri wati 40 hadi 100. Kwa Heresy, amplifaya ileile ilikuwa bado inapumua.

Neno moja kwa wanaonunua spika za zamani: tazameni pete inayoshika koni. Ya sponji huoza kwa joto na unyevu wetu, ukiigusa inabaki vumbi kidoleni. Ya mpira au ya kitambaa hudumu. Nimebadilisha pete nyingi mno za sponji katika nyumba zinazotazama ziwa.

Mwalimu alizinunua Heresy, kwa chumba kile, amplifaya ile na ngoma zake za Jumamosi. Angekuwa anakaa mita 2 mbele ya spika na ana amplifaya ya wati 80, ningemsihi aziache LS50 sebuleni. Hizo tulizipeleka chumba chake cha kusomea, chenye rafu za vitabu kuta mbili, na jioni ile alikaa humo akisikiliza kwaya mpaka giza likaingia.