Je, wajua kwa nini daktari anaweza kumkatalia kijana wa miaka 22 upandikizaji wa nywele?

Kijana wa miaka 22 ambaye panja zake zimeanza kuingia ndani hudhani kwamba hakuna anayefaa kuliko yeye kwa upasuaji wa kupandikiza nywele. Afya yake ni njema, kidonda chake kitapona haraka, na eneo lenyewe la upara bado ni dogo. Madaktari wazoefu wa upasuaji huo huliona jambo hilo kinyume kabisa. Mtu wa miaka 45 ambaye upara wake umetulia kwa miaka mingi hawasiti sana kumpokea, lakini kijana huyu wengi wao humwambia asubiri, na wapo wanaomkatalia moja kwa moja. Kinachowazuia ni namna upara wa kiume unavyoendelea, pamoja na uchache wa nywele za kisogoni, ambazo ndizo hasa zinazotegemewa kuhamishwa.

Kila unywele huota kutoka kwenye kinyweleo kilichozama ndani ya ngozi, na kinyweleo hicho hufanya kazi kwa zamu. Hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, husimama kwa wiki chache, kisha hupumzika kwa takriban miezi 3 kabla ya unywele ule wa zamani kudondoka na mpya kuanza. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida, na anayenyoa kila wiki hata hazioni. Katika upara wa kiume nywele hazing'oki kwa wingi kama wengi wanavyodhani. Kinachotokea ni kwamba kila zamu ya ukuaji inakuwa fupi kuliko iliyotangulia, kinyweleo kinasinyaa, na unywele unaotoka unazidi kuwa mwembamba na mfupi, mpaka unabaki unyoya usioonekana. Ndiyo maana ushahidi hautafutwi kwenye kitana wala kwenye sakafu ya saluni. Hutafutwa kwenye panja na utosini, ambako daktari akitazama kwa kioo cha kukuza huona nywele nene na nyembamba zimechanganyika bega kwa bega, wakati zile za kisogoni zote zina unene mmoja.

Chanzo chake ni homoni na urithi vikikutana. Mwaka 1942 mtaalamu wa anatomia wa Marekani, James Hamilton, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliokuwa wamehasiwa kabla ya kubalehe, akaonyesha kwamba hawakupata upara. Walipopewa testosteroni, wale ambao katika koo zao upara ulikuwepo walianza kupoteza nywele, ilhali wengine hawakupata athari hiyo. Baadaye, mwaka 1974, watafiti walieleza habari za familia za Jamhuri ya Dominika ambamo baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi iitwayo DHT. Watoto hao walipokuwa watu wazima walikuwa na testosteroni ya kutosha, lakini tezi dume zao zilibaki ndogo na nywele za utosi hazikupungua. Kwa hiyo mwenye upara hana homoni nyingi kuliko wenzake. Vinyweleo vyake vya mbele na vya utosini ndivyo vinavyoathirika upesi na kiasi kile kile cha DHT. Wale wanaojisifu vijiweni kwamba upara ni dalili ya nguvu za kiume watalazimika kutafuta hoja nyingine.

Kuhusu urithi, mazoea ya kumtazama mjomba yana ukweli wake, kwa sababu jeni moja muhimu, ile ya kipokezi cha homoni za kiume, imo kwenye kromosomu X ambayo mwanamume huipata kwa mama yake. Hata hivyo zipo jeni nyingine nyingi zinazohusika, na hizo hutoka pande zote mbili. Daktari makini atauliza habari za wajomba, za baba na baba wadogo, na za babu wote wawili, kwa kuwa vichwa vya wazee hao humpa fununu ya mahali ambapo upara wa kijana unaweza kuishia. Hataulizia kofia wala idadi ya mara unazonyoa, maana vitu hivyo havileti upara wa aina hii.

Swali linalofuata ni kwa nini nywele za kisogo na za juu ya masikio hubaki hata kwa mzee ambaye utosi wake umebaki mtupu kabisa. Jibu lilipatikana New York kuanzia mwaka 1952, pale daktari wa ngozi Norman Orentreich alipokata vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kutoka kisogoni na kuvipachika kwenye upara wa mbele. Vipande hivyo viliendelea kuotesha nywele katika eneo lile lile ambalo nywele zake za asili zilikuwa zimekwisha. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1959, alikuwa ameonyesha kwamba kinyweleo huhama na tabia yake: kilichozaliwa kisogoni kitaendelea kuvumilia DHT popote kitakapopandwa. Daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, alikuwa amekwisha kueleza mbinu inayokaribiana na hiyo mwaka 1939, lakini vita vilifanya kazi yake isijulikane nje ya Japani kwa miaka mingi. Upandikizaji wote wa leo umesimama juu ya ugunduzi huo, na udhaifu wake mkubwa umo humo humo.

Upandikizaji hauongezi hata unywele mmoja. Ni sawa na kung'oa miche ya mpunga kutoka kwenye kitalu ambacho hakitaotesha mingine: shamba litajaa kwa kadiri kitalu kilivyokuwa nacho. Kwa wanaume wengi kisogo kinaweza kutoa vichipukizi, yaani vifungu vidogo vya vinyweleo vinavyohamishwa kwa pamoja, takriban 6,000 maisha yote bila kuonekana kimepungua, na kwa wengine ni chini ya hapo. Kila kichipukizi huwa na nywele 1 hadi 4. Sasa tazama kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi, kile cha Hamilton kilichorekebishwa na O'Tar Norwood mwaka 1975, ambacho hupanga upara katika hatua 7. Kijana wa miaka 22 aliye katika hatua ya 3 hajui kama ataishia hatua ya 4 au atafika ya 7, ambako hubaki ukanda mwembamba tu wa nywele kuzunguka nyuma ya kichwa. Mtu wa hatua ya 7 ana eneo kubwa mno la kufunika na kitalu kidogo mno cha kulifunika.

Chukua kijana aliyebahatika, kama bahati ndilo neno lake, kumpata daktari wa kumkubalia. Anataka mstari wa nywele wa mbele ushuke hadi pale ulipokuwa alipokuwa na miaka 17, na vichipukizi 2,500 vinatumika kuujenga. Mwaka wa kwanza na wa pili anafurahi. Lakini nywele zake za asili zilizo nyuma ya mstari huo hazijatibiwa, nazo zinaendelea kusinyaa kama zilivyopangiwa. Akifika miaka 32 ana kichaka cha nywele juu ya paji la uso, upara nyuma yake, na kisogo ambacho kimekwisha kutoa karibu nusu ya akiba yake. Kunyoa zote abaki kipara, jambo ambalo lingekuwa rahisi mwanzoni, sasa kunafichua makovu ya kisogoni. Aidha, katika umri wa miaka 22 ni vigumu kujua mpaka halisi wa eneo salama, yaani lile ambalo nywele zake hazitasinyaa. Baadhi ya nywele za pembeni zinazoonekana imara leo zitasinyaa baadaye, na zikiwa zimehamishiwa mbele zitasinyaa huko huko zilikopandwa.

Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo daktari hutaka ni kuuzuia upara usisonge, na hilo hufanywa kwa dawa. Minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, mpaka ilipoonekana kwamba wanaoimeza wanaota nywele usoni na mikononi. Mwaka 1988 Marekani iliidhinisha ile ya kupaka kichwani. Finasteridi huzuia kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa kuvimba kwa tezi dume, na mwaka 1997 kwa upara, kwa kipimo kidogo cha miligramu 1 kwa siku. Zote mbili zinahitaji miezi 6 au zaidi kabla ya kuonyesha matokeo, minoksidili inaweza kuongeza udondokaji katika wiki za mwanzo, na anayeziacha hupoteza faida yake ndani ya miezi kadhaa. Finasteridi si ya kununuliwa kiholela. Kwa watumiaji wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa au huleta huzuni nzito na hata mawazo ya kujiua. Pia hushusha kwa takriban nusu kipimo cha PSA kinachotumiwa kuchunguza saratani ya tezi dume, ugonjwa ambao wanaume weusi wako katika hatari kubwa zaidi ya kuupata, hivyo kila daktari anayempima mtumiaji wake lazima aelezwe.

Kabla ya hayo yote inabidi kuhakikisha kwamba tatizo ni upara wa kiume na si kitu kingine. Homa kali, upasuaji au kupungua uzito ghafla huweza kudondosha nywele miezi 2 hadi 3 baadaye, na kwa kawaida hurudi zenyewe. Mapunye ni fangasi na hutibiwa kwa dawa za fangasi. Mabaka ya duara yaliyo laini kabisa huashiria kwamba kinga ya mwili inashambulia vinyweleo. Rasta na misuko inayobana huua nywele za ukingoni taratibu, na kuzipandikiza huku misuko ikiendelea ni kutupa fedha.

Vipele vya kisogoni vinastahili kutajwa peke yake. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanavijua: vinaanza kama chunusi ngumu kwenye mstari wa nywele wa shingoni, hulaumiwa mashine ya kinyozi, na visipotibiwa hugeuka makovu yaliyovimba ambayo hayaoti tena nywele. Vinaharibu kisogo, mahali pale pale ambapo akiba yote ya upandikizaji imehifadhiwa. Mwenye vipele hivyo, au mwenye historia ya makovu ya kuvimba sehemu nyingine za mwili, anapaswa kulisema jambo hilo kabla hajaguswa na chombo chochote, kwa sababu mamia ya matundu madogo kisogoni yanaweza kumletea tatizo baya kuliko upara.

Nywele zetu zenyewe nazo zina matakwa yake. Unywele wa Mwafrika haukunjiki ukishatoka nje tu; kinyweleo chake kimepinda chini ya ngozi. Daktari anayetoa vichipukizi kimoja kimoja hutumia kibomba chenye mdomo wa duara usiozidi sana milimita 1, na akikishusha wima kama anavyofanya kwa nywele zilizonyooka, atakata shina lililojikunja pembeni bila kuliona. Mzoefu hutoa kwanza vichipukizi vichache vya majaribio, huvitazama chini ya darubini kuona kama mizizi imetoka mizima, kisha hubadilisha ukubwa wa mdomo, kina na mwelekeo wa mkono. Wakati mwingine huamua kutumia mbinu ya kukata ukanda mwembamba wa ngozi, ambao hupasuliwa vipande na wasaidizi wake mezani. Faida ipo pia: nywele za kipilipili hufunika eneo kubwa kwa idadi ndogo, na rangi yake haitofautiani sana na ya ngozi, hivyo upungufu hauonekani haraka.

Kazi yenyewe hufanywa kwa ganzi ya eneo husika na huweza kuchukua saa 6 hadi 8. Wiki chache baadaye nywele nyingi zilizopandwa hudondoka, jambo linaloogofya asiyeambiwa mapema, kisha huanza kuota katika mwezi wa 3 au wa 4. Matokeo kamili huhukumiwa baada ya miezi 12 au zaidi. Muda huo mrefu ndio unaofanya safari za Istanbul, mji unaopokea wateja wa upasuaji huu kutoka pande zote za dunia, zihitaji tahadhari, kwani kijana huenda amerudi Mwanza au Mombasa zamani pale usaha unapoanza kutoka kisogoni. Chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hii, ISHRS, kimekuwa kikionya juu ya vituo ambako daktari hutokea kwenye matangazo tu, na kazi ya kukata hufanywa na wasio na leseni.

Daktari anayemwambia kijana asubiri kwa kawaida hamwachi mikono mitupu. Hupiga picha za panja, za utosi na za kisogo katika mwanga ule ule, humwandikia dawa akizikubali baada ya kuelezwa madhara yake, na humtaka arudi baada ya mwaka mmoja. Picha za pili zikilingana na za kwanza, na umri ukiwa umevuka miaka 25, au 30 kama ukoo wake una upara mpana, mazungumzo ya upasuaji yanaweza kuanza. Hata hapo mstari wa mbele hauchorwi pale kijana anapoutaka. Huwekwa angalau sentimita 7 juu ya katikati ya nyusi, panja zikiachwa zimeingia kidogo, ili asije akashangaza watu akiwa na miaka 60.