Kununua kura si kupromoti

Kwenye Steemit na Hive, mitandao ya kuandika inayolipa kwa sarafu za kidijitali, kununua kura ni kumlipa mwenye hisa kubwa (sarafu nyingi alizozifungia humo) aipigie posti yako kura ili ivute malipo kutoka mfuko wa zawadi. Maana inaishia hapo. Kinachopotoshwa vijiweni Ngamiani, na Tanga nzima kwa wanaoandika Steemit na Hive, ni pesa hiyo inatoka wapi. Utasikia: "Nimeipromoti posti yangu kidogo."

Ukilipia tangazo redioni, unatoa chako, mwenye redio anapokea, hakuna mwingine anayepungukiwa. Steemit iliyoanza 2016, na Hive iliyojitenga nayo Machi 2020, haziendi hivyo. Sarafu mpya zinaingia mfuko mmoja kwa kiwango kilichopangwa, na kura ndizo zinazougawa kwa uzito wa hisa za mpigaji. Kura moja kubwa ikitua, mafungu ya wengine wote yanapungua. Ni kumpenyezea kijumbe wa mchezo chochote ili akumegee michango ya wenzako.

Biashara hii ilishamiri kwenye roboti za mnada, yaani programu zilizouza kura kwa wanaoweka dau. Kura kamili inakula asilimia 2 ya nguvu ya kura ya mpigaji, na nguvu hiyo hurudi asilimia 20 kwa siku. Ndiyo maana roboti zilipiga kila baada ya saa 2 na dakika 24. Ulituma SBD, sarafu ya Steemit, kiungo cha posti ukakiweka kwenye memo, yaani ujumbe unaoambatana na malipo, kura ikagawanywa kwa kadiri ya dau la kila mmoja. Wakati huo mwandishi alipata asilimia 75 ya malipo ya posti, mpiga kura 25. Ukituma 10, ulihitaji kura yenye thamani inayozidi 13.3 ndipo uone faida, na mwingine akitupa dau nono dakika za mwisho, fungu lako lilisinyaa. Mwenye roboti alibaki na dau lako pamoja na ile 25. Nayo roboti haisomi: picha ya Mapango ya Amboni iliyokwapuliwa mtandaoni na makala iliyotafitiwa kwa jasho zote ziliuziwa kura bila kubaguliwa. Hilo ndilo linalouma.

Agosti 2019 mgawo ukawa nusu kwa nusu, dau la 10 sasa likadai kura ya 20. Zikaja na kura hasi za bure, zinazorudisha pesa mfukoni kabla ya malipo ya siku ya 7.

Kuna pia anayesema, "Mimi nimekasimu nguvu yangu tu," yaani kamwazima mwingine uzito wa kura zake. Kuikasimu kwa kikundi kinachosoma na kuchagua makala ni jambo jema. Kuikasimu kwa roboti upate gawio la kila siku ni kuuza kura kwa jumla, badala ya rejareja.

Na kupromoti kwenyewe kulikuwepo, ndugu yangu. Ulituma SBD kwa akaunti iitwayo null, pesa ikateketea, posti ikapanda kwenye ukurasa wa zilizolipiwa, na mfuko wa zawadi haukuguswa. Ile ya roboti tuiite kununua kura.