Meno Kulika na Tundu Kupanuka Si Kitu Kimoja

Bolti ya bodi ya gari ikizunguka bila kukaza, jibu huwa tayari mdomoni: "meno yamelika." Halafu inatafutwa bolti nene zaidi. Mara nyingi hakuna jino lililolika hapo.

Meno kulika ni ile mistari iliyozunguka ndani ya nati, au kwenye bolti yenyewe, kusagika hadi isishike tena. Maana yake ni hiyo tu.

Sasa litazame bati lenyewe. Bati la bodi ya gari dogo kwa kawaida lina unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi. Bolti ya kawaida ya M6, yaani yenye kipenyo cha milimita 6, huingia milimita 1 kwa kila mzunguko. Maana yake bati la milimita 0.8 halina nafasi ya jino moja kamili, sembuse meno ya kubeba mzigo. Wanaounda magari wanalijua hilo, ndiyo sababu nyuma ya tundu huchomelea nati, au huifungia nati ndani ya kizimba kidogo cha chuma, au huchomeka klipu yenye nati kwenye ukingo wa bati. Bati hushika nati, nati hushika bolti. Skrubu za bati peke yake ndizo hung'ata ukingo wa tundu moja kwa moja, na zikilegea, kilichoharibika ni tundu, limepanuka.

Kwa hiyo kabla ya kutaja ugonjwa, uliza meno yalikuwa wapi. Bolti inayozunguka bure lakini hairudi nyuma hata ukiivuta, huenda inazunguka pamoja na nati yake, kwa kuwa pale ilipochomelewa pameachia kwa kutu au kwa kukazwa kupita kiasi. Meno ya nati hiyo yanaweza kuwa mazima kabisa. Dawa yake ni kuishika nati kwa nyuma na kuichomelea upya. Bolti nene haiisaidii kitu. Kulitanua tundu ili bolti hiyo ipite ndiko kunakoniudhi zaidi, maana unapunguza lile bati lililokuwa limebaki zima.

Kosa la pili ni kuweka kwenye bati springi ya kurudishia meno, yaani waya uliosokotwa unaoingizwa ndani ya tundu ili uwe meno mapya. Springi hiyo ni nzuri sana kwenye injini, ambako chuma ni kinene. Ya M6 iliyo fupi huhitaji kina cha karibu milimita 6. Kwenye bati itashika nini?

Bati lina dawa yake, nati ya ribiti. Ilibuniwa na kampuni ya Marekani ya B.F. Goodrich miaka ya 1930, ili kufunga vipande vya mpira vya kuondoa barafu kwenye mabawa ya ndege, mahali ambapo mkono haufiki nyuma ya bati. Unaiingiza kwa mbele, kifaa chake kinaivuta, nayo inavimba kwa nyuma na kulibana bati. Ya M6 kwa kawaida huhitaji tundu la milimita 9. Hapo usikisie: tundu likizidi kidogo, nati itazunguka. Yenye mwili wa pembe sita, ikiwekwa kwenye tundu la pembe sita, haizunguki kirahisi. Kabla ya kuiweka, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma ulichokikwangua. Ila usiitumie kwenye mkanda wa usalama wala kiti: hapo bati huwa limeongezwa uimara makusudi, na ukarabati wake ufuate maelekezo ya mtengenezaji wa gari.

Basi ukimpelekea fundi gari, usiishie kusema meno yamelika. Kama nati inazunguka na bolti, mwambie nati imeachia. Kama skrubu inatoka kwa vidole, mwambie tundu limepanuka. Atajua aanze na mashine ya kuchomelea au na kifaa cha ribiti.