Dawa ya Daktari Inapogeuka Uraibu

Watu wengi huamini kwamba dawa iliyoandikwa na daktari haiwezi kumfanya mtu kuwa mraibu, kwa kuwa imetoka hospitalini na si kijiweni. Imani hiyo ni ya hatari. Dawa za maumivu makali zilizo katika jamii ya afyuni, kama vile mofini, kodeini na tramadoli, pamoja na dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, kama vile diazepamu, hufanya kazi moja kwa moja kwenye ubongo, na ubongo huzizoea.

Tuchukue mfano wa mtu aliyepewa diazepamu baada ya msiba ili aweze kulala. Kwa kawaida dawa hii haipaswi kutumiwa mfululizo zaidi ya wiki 2 hadi 4, lakini yeye anaendelea kwa miezi kadhaa. Kidonge kimoja kilichokuwa kinamtosha sasa hakimpi usingizi, anaongeza cha pili, na dozi ya mwezi inaisha mwezi ukifika nusu tu. Akijaribu kuacha, usingizi unapotea kabisa, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Anadhani ugonjwa wake umerudi, kumbe ni arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, naye anarudia kidonge akiamini kwamba anajitibu.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo huwaumiza wagonjwa wasio na hatia. Mgonjwa wa saratani anayetumia mofini kwa muda mrefu mwili wake utaizoea, lakini hilo pekee halimfanyi kuwa mraibu. Uraibu ni pale mtu anaposhindwa kujizuia, anapoitafuta dawa kwa udi na uvumba na kuendelea kuitumia ingawa anaona inamharibia afya, kazi na familia. Kumnyima dawa mtu mwenye maumivu makali kwa kuogopa uraibu ni ukatili, na sikubaliani nao hata kidogo.

Kinachoua mara nyingi ni kuchanganya. Dawa za jamii ya afyuni zikikutana na pombe au dawa za usingizi, pumzi hupungua taratibu hadi kukata. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma isivyo kawaida au midomo imebadilika rangi, usimwache alale ukidhani amechoka. Ita msaada wa dharura mara moja. Dawa iitwayo naloksoni huweza kurudisha pumzi iliyozuiwa na afyuni, ila haiondoi nguvu ya diazepamu wala ya pombe.

Anayetaka kuacha asiache ghafla. Kukatisha diazepamu baada ya matumizi ya muda mrefu kunaweza kuleta degedege na hata kifo, hivyo dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari. Mweleze idadi halisi ya vidonge unavyomeza kwa siku, si ile iliyoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu mpango wa kupunguza hutegemea ukweli huo. Kwa waraibu wa afyuni, methadoni na buprenofini ni tiba halali, wala si kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine kama wengi wanavyodai. Ndugu nao wajue kwamba aliyekaa wiki kadhaa bila dawa, kisha akarudia dozi yake ya zamani, anaweza kufa kwa kiasi kilekile alichokuwa akikihimili.